Picha ya Mama Yake

Mkaguzi wa tovuti wa hapa Biryogo, yule kipofu aliyewafanya watu wa kliniki waandike maelezo kwenye kila kitufe cha tovuti yao, na wenye mabasi nao wakafuata, ni jirani yangu. Huinamisha kichwa, simu sikioni, kidole kikitambaa juu ya kioo, nayo humsomea kwa mbio hata mimi sishiki neno. Juzi aliombwa akague tovuti ya kuwakumbuka marehemu wa mtaa wetu. Akafika kwenye jina la mama yake, aliyefariki yeye akiwa mchanga. Simu ikasema, "Picha," ikanyamaza; hakuna aliyekuwa ameiandikia maelezo. Akagusa tena, na tena.

"Bibi, wewe unaona. Nieleze, niandike."

"Alikuwa mzuri, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsuka."

"Neno 'mzuri' halimsaidii kipofu. Mikono yake iko wapi?"

Nikavaa miwani. "Imekubeba wewe."

Akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akanisogezea kiti. "Zimebaki picha arobaini na moja, Bibi. Kaa. Kati ya waliowajua wote, umebaki wewe peke yako."