Usukani wa Kulia

Kaka yangu aliniachia gari lake la plastiki kibandani kwangu, pale stendi ya Mbinga, siku aliyopanda kutoka Kihagara kuja kliniki. Mimi ni fundi simu, na ni mwanamke, kwa hiyo nimezoea watu kuniangalia mara mbili kabla ya kunikabidhi kitu. Yeye hakuniangalia mara mbili. Alilitoa kwenye mfuko, akaliweka juu ya meza yangu kama anaweka yai.

"Tairi la nyuma la gari hili linachomoka," alisema. "Litengeneze, mdogo wangu. Ukishuka ziwani uniletee."

Lilikuwa pikapu ya zamani, urefu wake kama kiganja, ya kuunga kipande kwa kipande. Mtu fulani huko Ulaya alianza kuliunga, akachoka, likaja huku na mitumba. Kaka alilinunua Kitai, basi liliposimama abiria wachimbe dawa, likiwa nusu limeungwa na nusu limo kwenye boksi lililopondeka. Abiria wenzake walimcheka, mtu mzima na midoli. Lakini kaka alikuwa dereva wa malori ya kahawa mpaka kiharusi kilipomnyang'anya mkono wa kulia, na mtaalamu wa mazoezi hospitalini alikuwa amemwambia aupe mkono huo kazi ndogondogo kila siku, la sivyo utalala moja kwa moja. Wengine wanapewa mpira wa kuminya. Yeye alijitafutia gari.

Sasa niseme ukweli, lilikuwa baya. Gundi ilikuwa imetapakaa na kuacha ukungu mweupe kwenye vioo. Alama za vidole zilikuwa zimeganda mlangoni. Rangi ya bluu, ile ya kupaka milango ya nyumba, ilikuwa nene mpaka taa zimezama ndani yake. Na usukani, ambao kwenye picha ya boksi uko kushoto, ulikuwa umekatwa ukabandikwa kulia. Mimi kazi mbovu inanitia hasira. Mteja akiniletea simu iliyoharibiwa na fundi mwingine, nagombana na yule fundi hata kama hayupo. Tairi lilinichukua muda wa kunywa chai tu, likakaa imara. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Sikuishia hapo. Nilijiambia kwamba kaka amesema "litengeneze", na gari nalo ni "li" kama tairi, kwa hiyo Kiswahili chenyewe kimeniruhusu. Nilijua fika alichomaanisha. Nilijifanya sijui.

Nililiweka kwenye friza ya jirani anayeuza samaki, maana gundi ile ikipata baridi kali inakatika yenyewe. "Dada, na huyu ni samaki wa wapi?" jirani alinitania. Kisha nikaachanisha vipande kwa kile kibati chembamba ninachofungulia simu. Vilivyopakwa rangi nikavilowesha kwenye oili ya breki, na kesho yake ile bluu ikatoka yote, imekunjamana kama utando wa maziwa. Nikapiga msasa. Vioo nikavisugua kwa dawa ya meno mpaka vikaangaza. Nikaunga upya kwa kufuata picha ya boksi, na fundi wa bodaboda akanipulizia rangi nyekundu ya tangi.

Nilipong'oa usukani ndipo nilipoona jinsi alivyousawazisha pale alipoukata. Palikuwa laini kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari lile. Mkono uliofanya kazi ile ulikuwa hauwezi kufunga kifungo cha shati. Niliona, nikakaa nao kidogo kiganjani, halafu nikaurudisha kushoto. Nikajisemea kwamba naurudisha mahali pake. Hapo ndipo ninapojichukia zaidi, kwa sababu siwezi kusema sikuona.

Jumamosi nikashuka Kihagara. Kaka alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Za mlimani?"

Nikamwekea gari mapajani, meno yote nje. Aliligeuza taratibu, akachungulia ndani kupitia vile vioo nilivyovisugua.

"Zuri," alisema. "La nani?"

Nikacheka. Sisi tumezoea kutaniana. "Lako, kaka!"

"Hili usukani wake uko kushoto. Langu uko kulia, niliuhamisha mwenyewe." Akauvuta mfuko wangu, akautazama ndani kama kuna jingine.

Nikamwambia ndilo hilohilo, nimeliunga upya. Nikaanza kujitetea, na nilivyozidi kusema ndivyo nilivyozidi kujisikia vibaya. "Si ulisema litengeneze?"

"Tairi," alisema.

Niliahidi kuurudisha usukani kulia. Nilipokuwa naahidi nilijua kwamba usukani nitakaouhamisha mimi utakuwa wangu, hata ukikaa kulia. Vidole vyake vilivyoganda mlangoni nilikuwa nimevimwaga na oili chafu nyuma ya kibanda. Kaka akasema nisijali, limependeza sana, kisha akamwomba mkewe aliweke juu ya kabati lisije likachafuka.

Nikaenda jikoni kumsaidia wifi, ili nisikae naye. Wifi alikuwa na furaha, hakuwa amesikia lolote. Alikuwa anageuza ugali huku ananinong'oneza. "Kuna jambo sijakwambia kwenye simu, nilitaka ulione mwenyewe. Kaka yako siku hizi anakula kwa mkono wa kulia. Anamega, anachovya, polepole, lakini anafika mdomoni. Utaona sasa hivi."

Tulitenga ugali na usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani. Wifi akaleta jagi na beseni, akaanza na mumewe. Kaka akanyoosha mkono wa kushoto. Maji yakapita juu yake, akaukung'uta. Wifi akabaki ameinamisha jagi, akimngoja.

"Na huu mwingine?"

"Uache," kaka alisema kwa upole, bila kunitazama. "Kazi yake imeshafanywa."

Wifi akaniangalia mimi. Kisha akaenda kumtafutia kijiko.