Neno la Kikapuni

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, utani wote hunikaukia mdomoni. Kaa hapo juu ya sanduku lako, mwanangu, kesho tunafunga shule. Ndiyo, nina miaka kumi na saba na ndevu tatu, lakini wewe umeingia kidato cha kwanza juzi, kwa hiyo mimi ni mzee wako.

Dada yangu Kemunto aliacha shule darasa la sita. Mmoja wetu alihitajika kuchuma chai, na hakuwa mimi. Basi kila likizo, huko kwetu karibu na Itumbe, tukichuma pamoja, aliniomba neno moja la Kiingereza.

"Momura, leo umeniletea gani?" Momura kwetu ni kijana wa kiume.

Nikampa moja la herufi nne tu. Ukilisoma windi, ni upepo, au pumzi inayokuishia ukipanda mlima. Ukilisoma waindi, ni kutia saa ufunguo, ni kuzungusha uzi, ni njia kwenda kona kona kama yetu ya mtoni.

"Maana zote hizo nyumba moja?" akasema. "Na hazigombani?"

Akalirudia mpaka kikapu kikajaa. Upepo, windi. Saa, waindi. Saa yenyewe hakuwa nayo.

Huku shuleni kazi yangu ilikuwa kuchekesha bweni. Nikajifunga shuka kichwani, nikabeba ndoo mgongoni kama kikapu: "Windiii! Waindiii!" Watu walianguka vitandani kwa kicheko. Nikajiona nimefika.

Agosti, rafiki zangu wawili wa bwenini wakanitembelea nyumbani. Kemunto akawaletea chai na ndizi za kuchemsha. Alitaka wajue kwamba ndugu yake humfundisha.

"Leo kuna windi nyingi," akasema kwa adabu.

Mmoja akajipiga paja. "Kumbe ndiye huyu! Yule wa bwenini!"

Kemunto hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Kisha akamimina chai, asimwage hata tone.

Hakuniomba neno tena. Akaolewa upande wa Nyamira. Likizo iliyopita nilimfuata huko na neno jipya, maana zake sita nimeziandika kwenye karatasi. Nikamsomea akichuma katikati ya shamba la chai la mumewe.

"Vizuri, momura," akasema. "Kawasomee wenzako." Mikono yake haikusimama.

Karatasi ninayo bado, ndani ya kamusi.

Sasa, mwanangu, jana nilikuona ukimwigiza mama yako anavyosema "gudi moningi". Una kipaji, mshenzi wewe; hata mimi nilicheka. Lakini mtu akikuomba neno, amekuonyesha mahali anapopungukiwa, na amekuonyesha wewe peke yako. Usipatangaze bwenini. Igiza walimu. Niigize mimi, hata hizi ndevu. Mama mwache. Akikuuliza, mpe maana zote, polepole, mpaka kikapu kijae.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na umkute bado anauliza.