Skrubu Iliyotazama Chini

Fundi wa magari wa mtaa wa Bel-Air hapandishi sauti kamwe. Nati hubana kwa midomo, kila moja huipangusa kwenye paja kabla ya kuifunga, na akimaliza gurudumu hulipiga makofi matatu ya polepole, kama anayebembeleza mtoto. Albertine, kwenye usukani wa jeep yake iliyoinuliwa kwa ajili ya njia ya Pweto, aliitii sauti hiyo bila kuuliza.

“Piga pompe, mama. Piga. Kamata.”

Alikanyaga breki mara kadhaa, kisha akaishikilia. Pedali ikazama kama kidole kwenye bukari, ugali wa moto, vilevile ilivyozama juzi kwenye mteremko, gari limejaa watu na magunia ya samaki. Siku ile waliponea chupuchupu.

“Hewa inakatala kutoka,” fundi alinong’ona. Vidole vyake vikapapasa nyuma ya gurudumu, vikasimama. Skrubu ya kutolea hewa kwenye mafuta ya breki hukaa juu, kwa kuwa hewa hupanda. Hii ilitazama chini. Breki za kulia na kushoto zilikuwa zimebadilishana pande.

“Nani alifungaka hii?”

“Ni weye, papa. Mwezi yenye ilipita, pamoja na hizi mipira kubwa ya magurudumu.”

Fundi alizifungua breki zote mbili, akarudisha kila moja upande wake, wakaitoa hewa upya, na sasa pedali ikagoma juu, ngumu. Albertine akashusha pumzi. Fundi alibaki amechuchumaa, nati ya mwisho mdomoni.

“Mama, kule ku mteremko mulikuwa bangapi?”

“Tisa. Na mutoto wa jirani yangu, Joëlle.”

Akainamisha kichwa. Albertine akaisikia nati ikigongagonga meno yake.