Kukabidhi Ujomba

Nilipopata kazi ya kufundisha Kiswahili huko Norwe, niligawa vitu vyangu kwa bidii ya mtahiniwa. Nyumba yangu ya kupanga Nachingwea ilijaa vikaratasi nilivyobandika kwenye vitu: kabati la jirani, pasi ya fundi cherehani, vitabu vya sekondari ya kata. Nilijiona mkarimu sana. Sikujiuliza kwa nini ukarimu huo haukunijia miaka yote niliyokaa na vitu hivyo.

Vilivyokosa mwenyewe nilimpelekea dada yangu Mbekenyera. Nilikodi kirikuu, tukapakia kochi, suti nne na mashine ya kusaga juisi. Dada ni mjane mwenye mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na mbili. Kijana wa Malolo alikuwa anataka kumwoa, na wazee wake walisema watakuja kuposa baada ya mavuno ya ufuta. Wakati huo mimi ningekuwa nimeshaondoka.

Kwetu posa ikija, mjomba ndiye anayekaa mkekani kumsemea binti. Akikubali, yamekubaliwa. Masharti asiyoyataja yeye hayatajwi tena. Hayo nayajua vizuri. Nimewahi hata kuyaandikia makala.

Dada alisimama mlangoni akitazama kochi likishushwa uani.

"Umemaliza kugawa?"

"Bado suti."

"Na mtoto umempa nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Nitakuwepo kwenye simu, dada. Siku hizi mambo yote ni video."

"Tukuegemeze kwenye chupa ya chai, wazee wa watu wakuamkie hapo?"

Kumbe alikuwa ameshamwita kaka yetu wa Likunja. Ni mtoto wa mama yetu mkubwa, kwa hiyo naye ni mjomba wa binti kama mimi. Analima korosho na aliishia darasa la saba. Kwa miaka mingi nilikuwa namtumia kuwachekesha wasomi wenzangu: jinsi anavyoongea, jinsi anavyokunja karatasi ya dawa ya hospitali kama hati ya shamba.

Alifika kwa bodaboda, shati limefungwa vifungo hadi kooni.

"Profesa! Kochi hili umelitoa ikulu?"

Akalizunguka, akaketi kwenye mkeka. Nami niliyekuwa nimeshakalia kochi langu mwenyewe nikalazimika kuteremka.

"Haya," akasema. "Kama unanikabidhi, nikabidhi kwa maneno. Wakiuliza mtoto ana maradhi gani, niseme nini?"

"Hana. Mzima kabisa."

Binti, aliyeketi nyuma ya mama yake, akainamisha kichwa.

"Ana pumu," dada akasema.

Kaka hakuonyesha kushangaa. Msimu uliopita wa kupulizia mikorosho, dawa ya salfa ilimbana binti kifua, na yeye ndiye aliyempakia kwenye pikipiki mpaka hospitali Ruangwa, akimshikilia njia nzima asianguke.

"Sasa kama unajua, mbona unaniuliza?" nikasema, kwa ukali wa mtu aliyekamatwa.

"Nilitaka nijue wewe ungesema nini. Hao wa Malolo wana mikorosho mpaka mlangoni. Lazima mtu awaambie mbele ya watu kwamba huyu salfa hapulizi, na msimu wake ukifika hakai pale. Wewe ungewaambia?"

Nisingewaambia. Ningesema mzima kabisa, kwa Kiswahili fasaha, watu wangefurahi, na binti angepelekwa kwenye ile salfa na neno langu.

"Nilikutumia ujumbe, mjomba," binti akasema taratibu. "Nilipokuwa wodini."

Nikatoa simu, nikitumaini amekosea. Ujumbe ulikuwepo. Chini yake nilikuwa nimejibu, "Pole sana, tuko pamoja," na vile vimikono vitatu vya dua.

"Sema basi," dada akaniambia. "Tukusikie wote."

Nikamgeukia kaka. Nimehutubia kumbi zilizojaa watu, lakini sentensi ile fupi niliianza mara mbili.

"Huyu mtoto namkabidhi kwako. Posa yake na mambo yake yote."

"Nimempokea. Na ukirudi, utamtaka?"

Jirani niliyempa kabati hakuniuliza hivyo. Nilitafuta jibu lisilokuwa la uongo, nikachelewa, dada akajibu kwa niaba yangu.

"Akirudi atakuwa mgeni. Tutamchinjia kuku."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananiambia tu jinsi mambo yatakavyokuwa.

Chakula kilikuwa tayari. Binti akainuka kuleta maji ya kunawa, akaja na jagi na beseni mpaka mkekani, akapiga goti mbele ya kaka kwanza. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mikono.