Koti la Chacha kwenye Barabara ya Homa Bay

Siku ile sokoni Suna nilikuwa nagombana na Robi juu ya turubai. Tulitumia moja, dagaa wangu wa omena upande huu, nafaka yake ya wimbi upande ule, na mimi, ninayehesabu kila kitu mara mbili, nilikuwa nimepima: kivuli chake kilizidi changu kwa hatua nzima. Mumewe, Chacha, alitucheka. Jua lilikuwa kali, akaacha koti lake juu ya magunia, akarudi kwao mpakani kunywesha ng'ombe.

Kufikia saa nane moshi ulikuwa umepanda mahali patatu. Nikahesabu tena. Panne. Wakuria na sisi Wajaluo tulikuwa tunachomeana nyumba, na kwenye safu yetu Mkuria alikuwa Robi peke yake.

Barabara ya kwao ilishafungwa. Iliyobaki ni ya Homa Bay, kisha feri hadi Mbita, kisha kwetu Rusinga. Dereva wa lori la sukari nguru alikubali kutubeba, ila akatuonya: vijana wameweka mawe Rongo, wanaangalia masikio. Ya Robi yalitobolewa zamani kwa mila ya Kikuria, tundu la kupitisha kidole.

Nikachukua koti la Chacha, nikaligeuza, bitana ikawa nje.

"Vaa."

Kwetu mjane huvaa nguo ya marehemu hivyo, na kabla hajatakaswa hakuna anayethubutu kumgusa. Robi alilijua hilo.

"Mama Akoth, nimlilie mtu aliye hai? Si nitamwitia kifo?"

"Nataka ufike."

Akavaa, akajifunga leso kichwani mpaka masikioni.

Rongo. Mawe, mapanga, vijana tisa.

"Huyu atoe leso," mmoja akasema.

Robi alikuwa analia. Sikujua kama ni maigizo.

"Mvue wewe," nikamwambia. "Mumewe hana hata wiki kaburini. Lakini ukimgusa umemrithi, kijana. Na watoto saba."

Robi hakuwa na mtoto hata mmoja. Hesabu hiyo sikuirudia.

Wenzake wakaangua kicheko. "Omera, ndugu yetu, pokea bibi!"

Akarudi nyuma. Akataka nguru sita. Tukashushana mpaka mbili. Wakasogeza mawe.

Ilikuwa saa kumi.

Kwenye feri Robi alivua koti, akaligeuza upande wake, akalipakata njia yote.

Siku ya tano nilikutana na mleta habari pale Mbita. Chacha alikutwa kando ya josho na mishale miwili mgongoni. Ng'ombe wote wamechukuliwa. Ilikuwa lini? Siku ile ile, akasema, jua likizama.

Robi aliniuliza jambo moja tu. "Nilipovaa, alikuwa hai?"

"Alikufa mchana," nikasema. "Kabla hatujapanda lori."

Alinitazama sana. Kisha akaingia ndani kulia, safari hii kwa haki yake.

Ameishi nasi kisiwani tangu hapo. Majirani husema nilimwokoa. Yeye hajawahi kusema hivyo, na mimi sijamdai.