Upande wa Kulia wa Chombo cha Binti Yangu

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ndiye niliyeharibu kazi ya binti yangu, na kwa mwaka mmoja na nusu nimemwacha aamini kwamba aliiharibu mwenyewe.

Nina miaka 74, ni mgane, naishi Nyahanga, Kahama. Nilisomea ufundi, nikachora michoro ya mitambo migodini mpaka nilipostaafu. Sasa mapafu yamechoka. Kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika mara mbili, na daktari amenieleza waziwazi kwamba nisipange mambo ya mbali. Naandika kidogo kidogo, mtanivumilia.

Anayenitunza ni mtoto wangu wa mwisho, nitamwita Kabula. Ana miaka 31. Mchana alikuwa akichapa kadi za harusi kwenye duka la mtu, akirudi anawasha kompyuta yake na kuchonga vyombo vya anga. Ndiyo, vyombo vya kwenda kwenye nyota. Kuna programu inayokupa bonge kama la udongo ndani ya kioo, unalisukuma na kulikata kwa kalamu maalumu. Kuchonga uso wa mtu humo si kazi sana. Kazi ni chuma: kingo ziwe kali, mabamba yakae sawasawa, kila skrubu ionekane imekazwa. Udongo haupendi kuwa chuma. Kabula alifanya mazoezi hayo miaka mitatu.

Majirani walimcheka. Mama mmoja wa nyumba ya pili alikuwa akipita anachungulia dirishani: "Kabula, hiyo ndege yako inaruka lini? Nina safari ya Mwanza."

"Nauli unayo, mama?"

"Si utanikopesha wewe mwenye ndege!"

Nami nilicheka nao, lakini kimoyomoyo nilivutiwa. Nikamwomba anifundishe. Akanifungulia faili langu, nikawa nachonga asubuhi akiwa kazini. Chombo changu cha kwanza alipokiona alijishika kiuno. "Baba, hili ni pipa la pombe!" Tulicheka hadi nikakohoa. Tangu mama yake afariki, hatukuwahi kukaa karibu kama miezi ile.

Kisha kampuni moja ya michezo ya kompyuta huko Dar es Salaam ikamwandikia. Walikuwa wameona picha za vyombo vyake mtandaoni. Walitaka awatumie chombo kimoja kilichokamilika kabla ya tarehe fulani, na wakikipenda, wampe kazi hukohuko Dar. Alikifanyia kazi miezi minne. Upande wa kushoto ulikuwa mzima, umenyooka. Wa kulia aliuchonga kama umepigwa na mawe ya angani: mabamba yamepasuka, mbavu za ndani ziko wazi, mabomba na nyaya zinaning'inia. Mimi niliyechora mashine maisha yangu yote niliona pale kitu ambacho mkono wangu haukuwahi kukifanya.

Siku mbili kabla ya kutuma, alikwenda msibani Tinde. Nilikaa kwenye kompyuta nifanye mazoezi yangu, nikafungua faili lake badala ya langu. Nikaanza kumsahihisha. Sisi wachora mitambo tulifundishwa kwamba pande mbili zisipolingana, mchoro huo ni wa mlevi. Programu ile ina amri ya kunakili upande mmoja uwe sawa na mwingine. Nikaibonyeza. Kufumba na kufumbua upande wa kulia ukawa mzima kama wa kushoto. Miezi minne ikafutika, na faili likahifadhiwa hivyo.

Aliporudi alilifungua nikiwa nimekaa nyuma yake. Alizungusha chombo, akakizungusha tena.

"Baba, uligusa faili langu?"

"Mimi? Mimi nina pipa langu tu, ng'wanone, mwanangu."

Alishika kichwa. "Basi ni mimi. Nilihifadhi alfajiri nikiwa nasinzia, nimebonyeza kitu. Nimeiua kazi yangu mwenyewe."

Nakala aliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya zamani, upande ule haujaanzwa. Alijaribu kuurudia kwa siku iliyobaki, kila bamba alilokata akalifuta. Akatuma kile kizima. Walimjibu kwa adabu kwamba ni kazi safi, ila haina jambo jipya.

Aliuza kompyuta. Sasa anauza chakula kwa wachimbaji upande wa Bulyanhulu, anaondoka alfajiri, jioni anarudi kuniogesha na kunilisha uji. Juzi mwenzake alimwomba amchapie barua kwenye simu, akakataa: "Mikono yangu haiaminiki, dada. Mtafute mwingine." Nilikuwa nimelala chumbani, nikasikia. Niligeukia ukutani.

Ndugu zangu mnaosoma, ndiyo maana nimekuja kwenu. Nikimwambia, nitamnyang'anya baba wakati bado ananiogesha mimi huyuhuyu. Nikinyamaza, nitazikwa yeye bado anadhani mikono yake ndiyo mbaya. Nimweleze nikiwa hai anitazame usoni, au nimwachie barua? Nanyi mlio mabinti, mngependa kujua? Nisaidieni upesi, sina siku nyingi.

Lakini msinishauri kabla hamjajua yote, maana hata hapo juu nimewaficha. Nimeandika kana kwamba ilikuwa bahati mbaya ya mzee aliyezoea michoro ya pande mbili. Sikufungua faili lile kwa kukosea. Na baada ya kubonyeza, kitufe cha kurudisha nyuma nilikuwa nakijua, kidole kilikuwa juu yake. Nilikaa muda mrefu nikiifikiria Dar es Salaam, na nani angenipikia uji. Kisha nikakiacha kitufe kile, na nikalihifadhi faili kwa mkono wangu, ili asiondoke.