Mama Maziwa na Farasi Asiyekula

Mama Maziwa hakuwa mtu wa kubembeleza wanyama. Paka alimfukuza kwa ufagio, mbwa wa jirani alimjua kwa kiatu, na kuku wake waliishi kwa nidhamu ya kambi. Lakini ukimgusia habari za farasi wake, Taratibu, hakuambilika wala hakusemezeka. Miaka kumi na saba walizunguka pamoja mitaa ile ile, farasi akivuta gari la madumu ya maziwa, yeye akitembea ubavuni na kata mkononi. Mumewe alipofariki, watu walisema mjane kabakiwa na farasi. Wenye midomo zaidi walisema hajagundua tofauti.

Mwaka wa kumi na saba magoti ya Taratibu yalianza kuvimba. Daktari wa mifugo alikuja, akainua kwato moja baada ya nyingine, akabonyeza hapa na pale, kisha akanyooka akijifuta mikono.

"Mama, lami imemmaliza huyu. Ukimrudisha barabarani, mwaka hauishi. Akipata majani na ardhi laini, ana miaka mitano mbele yake, pengine sita."

Majani! Ua wa Mama Maziwa ulikuwa saruji tupu kutoka mlangoni hadi ukutani, na kitu pekee cha kijani mle ndani kilikuwa ndoo. Daktari akataja chuo kimoja nje ya mji kinachofundisha watu kupanda farasi. Wana malisho mapana na wanatafuta farasi mtulivu. Wangemchukua kwa wiki moja ya majaribio: akipazoea abaki moja kwa moja, akishindwa arudishwe.

Binti yake, fundi cherehani, aliona hapo hakuna cha kujadili. Hata shemeji yake, ndugu wa marehemu, aliunga mkono. Huyu nyumbani walimwita Redio, maana akishaanza hana pa kuzimia.

"Shemeji, mwache mzee mwenzio apumzike. Hata wewe magoti hayo si ya jana."

"Magoti yangu nimekuletea uyapime?"

Akakubali kwa shingo upande. Jumatatu mwalimu wa chuo alifika na lori. Alikuwa kijana mwenye adabu, kashika daftari, na aliuliza yote: anakula nini, anaogopa nini, anapiga mateke? Mama Maziwa alijibu kama mzazi anayepeleka mtoto bweni. Mwishowe kijana akamweleza kwamba kwao farasi hushinda na kulala na hatamu kichwani, kwa kuwa wanafunzi hawajui kumvalisha.

"Kuna kingine chochote, mama?"

Kulikuwa na kingine. Taratibu alipokuwa mdogo, alimaliza maua ya mteja mmoja mpaka mizizi, na mteja akahamia kwa muuza maziwa mwingine. Samaki mkunje angali mbichi: Mama Maziwa alitumia mwezi mzima kumfundisha kwamba hatamu ikiwa kichwani ni kazi, na kazini hakuna kula. Maji ruksa, chakula ng'o. Somo lilimwingia likaganda. Ungeweza kumtandikia majani mabichi chini ya pua, naye angetazama mbele kama askari wa gwaride. Jioni tu, akishavuliwa hatamu nyumbani, ndipo alipokula.

Neno lilimfika ulimini. Akalimeza.

"Hakuna kingine," alisema.

Kesho yake simu ikalia. "Mama, maji anakunywa, lakini chakula hagusi. Kasimama tu katikati ya majani."

"Mpe muda," alijibu.

Redio hakutoa muda wowote. "Anakutaka huyo! Mnyama ana moyo kuliko binadamu." Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari, na wateja waliokuja na vyombo vyao walimshika bega: "Anakulilia, Mama Maziwa." Yeye akapima maziwa, asikanushe. Sababu aliijua kama anavyolijua jina lake, ila utamu wa kuambiwa unapendwa ulimzidi nguvu. Hakuna aliyewahi kususa chakula kwa ajili yake. Marehemu mumewe, siku waliyogombana kuliko siku zote, alimaliza sufuria.

Jumatano mwalimu alipiga tena. "Mama, njoo umchukue. Tunaogopa atatufia."

Ndiyo maneno aliyoyataka, na sasa aliyapata, kifo kikiwa mkiani. Binti yake aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Atarudi kwenye hii saruji, mama? Halafu?"

Mama Maziwa alitafuta viatu.

Alimkuta malishoni, majani yakimfikia magotini, ubavu umebonyea. Taratibu alimwona, akasimamisha masikio, akasogea taratibu kama jina lake na kumpa ubavu wa kushoto, tayari kwa mzunguko. Hakuwa analia, wala hakumsusia mtu. Alikuwa kazini, anasubiri siku ya kazi iishe, na hiyo ilikuwa siku ya tatu. Mama Maziwa aliona haya, haya ya kweli, ambayo hakuwahi kumwonea binadamu.

"Mwalimu," alimwambia kijana aliyemfuata nyuma, "farasi huyu hajagoma. Nilimfundisha asile akiwa na hatamu. Nilijua, nikanyamaza."

"Kwa nini, mama?"

"Nilitaka akukatae."

Kijana akafungua daftari lake kuandika.

"Mvueni kila mkimaliza kufundisha," Mama Maziwa aliendelea. "Msisahau hata siku moja. Hatawakumbusha."

Akafungua mkanda kwa mkono wake. Hatamu ilikuwa haijatoka vizuri masikioni, kichwa kikashuka. Taratibu alikula kwa pupa ya siku tatu, akisogea hatua moja moja kufuata majani, akimwacha nyuma. Mama Maziwa alimwita kwa jina. Sikio moja liligeuka, mdomo haukusimama. Alingoja robo saa nzima kile kichwa kiinuke. Hakikuinuka. Akampa mwalimu hatamu, akaenda kutafuta usafiri.

Nyumbani Redio alikuwa mlangoni na maswali yake yamepangwa foleni. "Umemwacha? Alitoa machozi? Wanasema farasi hutoa machozi kama mtu!"

Binti yake alimsogeza ami yake pembeni. "Mama, alikuaga?"

"Alikuwa anakula," alisema Mama Maziwa, kisha akakaa pale pale kizingitini, akalia.